Mpaka Unapofungwa: Ushauri kwa Wahifadhi wa Nchi Jirani

Katika miaka niliyofanya kazi ya kukusanya takwimu za doria kwenye milima ya Virunga, nimeona serikali tatu, za Kongo, Rwanda na Uganda, zikinuniana, zikipatana na kununiana tena, huku gorila wakiendelea kuvuka mpaka kama kawaida. Vijana mnaoingia katika kazi hii, ushirikiano wenu ujengeni miongoni mwa wahifadhi na askari wa doria, tena wakati wa amani, kwa sababu uhusiano unapoharibika, mikutano ya mawaziri ndiyo huahirishwa kwanza.

Anzeni na fomu za taarifa za doria. Hifadhi ya Virunga ya Kongo, ya Volcanoes ya Rwanda na ya Mgahinga ya Uganda ni msitu mmoja uliokatwa na mipaka, na taarifa ya mtego wa waya iliyoandikwa kwa namna moja Kongo na kwa namna nyingine Rwanda ni kazi ngumu kuiweka kwenye ramani moja. Sensa ya 2015 na 2016 ilifaulu kwa sababu timu zilikuwa na watu wa nchi zote tatu waliofuata utaratibu uleule: kufuata njia ya kundi hadi lilipolala, kuhesabu viota na kuokota kinyesi kiotani ili maabara imtambue kila mnyama kwa vinasaba vyake. Walipatikana gorila 604, kutoka 480 wa mwaka 2010. Kila nchi ingehesabu peke yake, lile kundi linalolala Uganda na kustaftahi Rwanda lingehesabiwa mara mbili, au lisihesabiwe kabisa.

Suala la fedha nalo limalizeni mapema, kwa maandishi, kwa kuwa watalii hulipa pale gorila walipo na wivu huzuka haraka. Kundi la gorila liitwalo Hirwa lilitoka Rwanda na kuingia Mgahinga mwaka 2019, wakati nchi hizo mbili zilikuwa na mgogoro uliofunga mpaka wa Gatuna hadi Januari 2022. Kumbukumbu za mnyama aliyevuka, yaani picha ya pua yake inayomtambulisha, umri na matibabu aliyopewa, zinapaswa kumfuata bila mtu kuomba kibali upya.

Lakini si kila taarifa ni ya kushirikishana. Askari wa doria zaidi ya 200 wameuawa katika Hifadhi ya Virunga, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, Kongo, Januari 2025, ujumbe wowote unaweza kusomwa na asiyekusudiwa. Andikeni mahali, saa na idadi ya wanyama. Habari za nani amewaleta wenye silaha waachieni wanasiasa. Ratiba ya doria ya kesho msiitume kwa yeyote, hata kwa rafiki wa upande wa pili, kwani taarifa ya kundi lililovuka jana inamtosha kwa kazi yake.