Kocha wa Marekani Akikuahidi Pesa, Soma Barua Kwanza

Tangu Juni 2025 simu yangu haipumui. Vijana wanaofanya mazoezi Iten, Kapsabet na Nyahururu wamesikia kwamba vyuo vikuu vya Marekani sasa vinawalipa wanamichezo wao, na kila anayenipigia anataka kujua yeye atalipwa ngapi. Mimi nilisoma huko kwa ufadhili wa mbio, enzi ambazo kupewa viatu na mtu wa nje ya chuo kungeweza kukuletea kesi. Siku hizi huwasaidia wadogo zangu kusoma barua zao za ufadhili kutoka vyuoni kabla hawajatia sahihi. Jibu langu kwa wengi wao ni fupi: pesa zipo, ila hazikulengi wewe. Kinachokugusa ni jinsi zilivyobadilisha macho ya makocha wanaokutafuta.

Kwanza ujue zimetoka wapi. Julai 2021 wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kuuza jina na sura zao kwenye matangazo. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi kubwa dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na chuo kinachotaka kikaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025-26. Kwenye vyuo vikubwa, sehemu kubwa ya fungu hilo huenda kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, wanaofuata ni wanaume wa mpira wa kikapu. Mkimbiaji wa mita 10,000 akibahatika hupata makombo.

Halafu kuna viza. Viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu ufanye kazi nje ya chuo bila kibali, na tangazo la biashara unalolipwa linaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Mtazame Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Nchi nzima ilimjua. Hata hivyo, Agosti mwaka huo alisubiri timu yake iende Bahamas ndipo akafanya matangazo yake, kwa kuwa huko si ardhi ya Marekani. Kwa hiyo mtu akikwambia utapiga picha na kinywaji fulani mtandaoni ulipwe dola, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uwaulize kabla hujamuuliza kocha. Mambo yakiharibika, si kocha atakayepandishwa ndege.

Sasa tuje kwa kocha. Zamani timu ya riadha ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 tu, wa kugawana kati ya warusha mikuki, wanaoruka, wa mbio fupi na sisi wa mbio ndefu. Ndiyo maana wengi wetu tulipewa nusu au robo. Kwenye vyuo vilivyojiunga na mpango mpya kikomo hicho kimeondolewa, badala yake wanahesabu vichwa: timu isizidi wakimbiaji 17 kwa mbio za nyika, wanariadha 45 kwa riadha. Ukisoma karatasi utadhani neema imeshuka. Lakini kuruhusiwa kutoa ufadhili na kuwa na pesa za kuutoa ni mambo mawili, na chuo kinachotafuta mamilioni ya kuwalipa wachezaji wa mpira huanza kupekua mifuko ya michezo midogo.

Angalia Chuo Kikuu cha Washington State. Hapo ndipo alipokuwa akisoma Mkenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Juni 2025 chuo hicho kilifuta michezo ya kurusha na kuruka, kikapunguza mbio fupi, kikaelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa Mkenya hiyo ni habari njema. Kwa kijana wa Marekani anayerusha tufe ni msiba, na sidhani ni haki, lakini hayo yana wenyewe.

Matokeo yake ni kwamba kocha mwenye nafasi chache hana subira ya kulea. Anataka mtu aliyeiva. Atamchukua anayehama kutoka chuo kingine, kwani siku hizi kuhama ni rahisi, au atakuja kwetu kutafuta mwenye miaka ishirini na kitu na muda wa mbio unaoonekana. Akimwona Mkenya Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama akishinda ubingwa wa mbio za nyika wa mtu mmoja mmoja 2024 na tena 2025, naye anataka Lemngole wa kwake. Soko letu limepanda. Limepanda kwa anayeleta alama msimu wa kwanza. Ukiumia goti Oktoba, kiti chako kimeshapata wa kukiangalia.

Ndiyo maana nasema barua. Hivi karibuni binti mmoja aliniletea yake, ukurasa wa kwanza una nembo ya chuo na pongezi tele. Ukurasa wa pili, mstari mmoja: karo na ada. Chumba, chakula, vitabu na bima ya afya havikutajwa popote, na mjomba wake alikuwa ameshaanza kuitisha harambee ya nauli. Nikamwambia amwandikie kocha swali moja tu: malazi na chakula nani analipa? Jibu lilikuja usiku huohuo: "Mwaka wa pili, kulingana na muda wako." Alikataa. Baadaye alipata chuo kidogo kisicho na jina, kinachomlipia vyote.

Uliza pia ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, na ukiumia inakuwaje. Uliza kama kuna tuzo ya masomo ambayo vyuo viliruhusiwa kuitoa baada ya kesi ya mahakamani iitwayo Alston, hadi dola 5,980 kwa mwaka. Hiyo imefungamana na masomo, hivyo ndiyo pesa ambayo mgeni ana nafasi nzuri ya kuipata. Na kuna kodi ambayo makocha husahau kuitaja: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula kwa kawaida hukatwa asilimia 14 kwa mwenye F-1, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Nimeona watu wakishangaa deni kwenye akaunti ya chuo wakati wanaamini wamelipiwa kila kitu.

Wakala anayedai asilimia ya ufadhili wako mkimbie. Ada ya kawaida ya huduma ni jambo lingine, ila asilimia inaweza kukuharibia ruhusa ya kushindana. Zawadi za mbio za barabarani ulizowahi kupokea nazo ziandike zote, na risiti za nauli na malazi uziweke. NCAA watauliza.

Mwisho kabisa itakuja fomu ya I-20, ambayo chuo hukutumia ili uombe viza. Ina upande wa gharama za mwaka na upande wa nani anazilipa. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu kabla hujalipia viza. Kilichobaki bila mlipaji ndicho afisa wa ubalozi atakachokuuliza dirishani, na atataka kuona kimo kwenye akaunti ya benki ya baba au mama.