Sensa ya leza: mikroni za katalogi ziache mwisho

Katalogi ya sensa ya leza ikishafunguliwa mezani, macho ya meneja hukimbilia namba moja: inapima mikroni (elfu moja ya milimita) ngapi? Mimi niko kwenye laini ya mabomba ya chuma, yale yanayokunjwa kutoka kwenye rolo la bati na kulehemiwa kwa umeme urefu wote. Kwa kazi yetu, hiyo ndiyo namba ya mwisho kuitazama.

Bomba likilehemiwa, mshono hubaki na uvimbe. Kisu huukwangua uvimbe huo, chuma kikiwa bado cha moto. Kisu kikimeguka ncha, kinaacha kigongo. Kikikaa vibaya, kinachimba bomba. Sensa hupiga mstari wa leza kukatiza mshono, na kamera yake huutazama kwa pembe. Uso ukipanda au kushuka, mstari unapinda, na kule kupinda ndiko kunakohesabiwa kuwa milimita.

Shida ni kwamba mshono uliotoka kukwanguliwa unang'aa, na juu yake kuna maji ya kupozea yaliyochanganyika na mafuta. Mwanga unaruka ovyo, na skrini inakuchorea mlima ambao haupo. Kuinamisha sensa nyuzi chache mara nyingi kunatosha kuukwepesha mng'ao usiingie kwenye kamera. Kwa hiyo muuzaji akija kukuonyesha, kile kipande chake cha kijivu safi akirudishe mfukoni. Mpe bomba lako, likiwa limelowa.

Kuhusu rangi ya leza: chuma chenye moto hutoa mwanga mwekundu, hivyo leza nyekundu inapotelea humo. Ya buluu huonekana vizuri zaidi. Ila ukifunga sensa baada ya sehemu ya kupozea, nyekundu inatosha. Usiisogeze mbali mno tu, maana laini ikienda mita 60 kwa dakika, kila mita unayosogea ni mita nzima ya bomba bovu kabla hujajua. Kwa mwendo huo huo, sensa inayopiga profaili 1,000 kwa sekunde (profaili ni picha moja ya ule mstari wa leza) inakupa profaili moja kila milimita. Kwa kisu kilichomeguka, hiyo ni zaidi ya kutosha.

Sasa turudi kwenye mikroni. Mkono wa chuma wa milimita 500 ulioshika sensa, ukipata joto la nyuzi 10 zaidi, unarefuka kama mikroni 60. Hapo bado bomba lenyewe linacheza kwenye rola. Ukipima umbali kutoka sensa hadi mshono, unapima joto la mchana na mtikisiko wa mashine. Iambie programu ichore tao la bomba kwa kutumia mabega mawili ya mshono, yaani uso wa bomba kila upande wake, halafu ipime kigongo kimepanda kiasi gani juu ya tao hilo. Bomba likiruka, tao linaruka nalo, jibu linabaki lile lile. Na kwa kuwa mshono hautulii juu kabisa, unayumba kushoto na kulia, chukua sensa yenye upana wa kutosha kuuona pamoja na mabega yake, hata kama namba yake ya mikroni ni dhaifu kidogo.

Daraja la leza, yaani kiwango cha hatari yake, lisome kabla ya kufunga. 3B si ya kuacha wazi usawa wa macho ya mafundi.

Upepo wa kusafishia kioo cha sensa uchujwe mafuta. Wa kompresa moja kwa moja unakipaka ukungu, kisha watu wanalaumu sensa. Na kabla hujalipa, uliza bei ya kioo cha mbele, na kama fundi wako anaweza kukibadilisha bila kuirudisha sensa kiwandani.