Deksa ya wodini na deksa ya dukani

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Nkuhungu hapa Dodoma. Mwezi uliopita tulimleta mzee kutoka Kongwa, ana miaka 64, kikohozi siku ya nane na anahema kama katoka kukimbia. Hospitali wakasema nimonia ya virusi, kipimo kikatoka Uviko, wakamuweka kwenye oksijeni na kila asubuhi sindano moja ya deksa. Wifi yangu akaja juu, deksa si ndo zile wadada wanameza wanenepe, mnataka kumuua mzee? Na kweli sukari ikapanda mpaka 14 wakati hajawahi kuwa na kisukari. Ila akapata nafuu, siku ya saba wakamruhusu, vidonge vya kuendelea hawakumpa. Sasa mama naye anakohoa na homa, leo siku ya pili. Nimeenda duka la dawa hapa mtaani wameniuzia deksa za siku 5 bila kuniuliza cheti, ziko kabatini. Nimpe mama? Na mzee je, amalizie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza. Hizo za kabatini mama usimpe na mzee usimpe, halafu ngoja nikueleze kwa nini maana wifi yako hajakosea jina la dawa, deksa (yaani deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi) ni ile ile kabisa, kinachotofautiana ni nani anapewa na yuko siku ya ngapi.

Siku za mwanzo za ugonjwa kirusi ndo kinazaliana na kinga ya mwili ndo inapambana nacho, sasa deksa kazi yake ni kuituliza hiyo kinga, ukiimeza siku ya pili kama aliyonayo mama unamfunga mikono askari wako wakati mwizi bado yuko ndani. Baadaye, mara nyingi kuanzia wiki ya pili, kwa baadhi ya watu kinga inapitiliza, mapafu yanavimba na kujaa majimaji, oksijeni haipiti kwenda kwenye damu. Hapo kinachoua zaidi ni huo uvimbe, na hapo ndipo mzee wenu alipokuwa, siku ya nane na anahema.

Hili halikuamuliwa kwa kubahatisha. Mwaka 2020 Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaitwa RECOVERY, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, wagonjwa 2,104 wakapewa deksa miligramu 6 mara moja kwa siku, isizidi siku 10, wengine 4,321 wakatibiwa kama kawaida bila deksa, wakahesabu waliofariki ndani ya siku 28. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kila 100 wasiopewa deksa walifariki kama 41, waliopewa 29. Hebu fikiria, watu 12 katika kila 100, kwa dawa ya zamani ya bei ndogo! Waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, 26 wakashuka kuwa 23. Sasa sikiliza hapa, wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa hawakupata faida yoyote, bila deksa walifariki 14 na wenye deksa karibu 18, tofauti ambayo inaweza kuwa ya bahati tu lakini mimi siwezi kumpa mama yangu dawa yenye hesabu kama hiyo. Septemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani nalo likasema hivyohivyo, steroidi ni za aliyezidiwa, mwenye Uviko wa kawaida asipewe. Na hesabu hizo ni za Uviko, usizibebe ukazipeleka kwenye kila nimonia, kwa nimonia ya mafua makali ya influenza ushahidi hauoneshi faida hiyo.

Mzee kuruhusiwa bila vidonge ni sahihi. Dozi ni mpaka siku 10 au mpaka anaporuhusiwa, chochote kitakachotangulia, na kwa siku chache vile hakuna haja ya kupunguza kidogokidogo kama kwa mtu aliyemeza miezi. Sukari kupanda ni kazi ya deksa, kwa wengi inashuka ikiachwa, ila wengine ndo kisukari kilikuwa kimejificha, kwa hiyo mpeleke zahanati apimwe asubuhi kabla hajala. Halafu kama ni mkulima, waulize madaktari kuhusu minyoo inayoingia kwa ngozi ya miguu peku shambani, kuna aina moja steroidi inaiachia isambae mwili mzima, na kama aliwahi kuugua TB waambie pia.

Hili la maduka linaniuma kwa kweli. Deksa ni dawa ya cheti, na huku mitaani inauzwa kama pipi, kwa kunenepa, kwa mafua, kwa mgongo, mtu anakuja wodini sukari imeruka, mifupa imelegea, na hajui kilichomfikisha hapo.

Mama mpeleke leo apimwe Uviko na malaria, homa isikufanye ukazame kwenye jambo moja tu. Nyumbani apate panado, maji ya kutosha, uji, na mtafute kipimo cha kidole, kile kinachobana kidole na kusoma oksijeni ya damu kwa asilimia, mumpime asubuhi na jioni akiwa ametulia. Kama amepaka hina au rangi ya kucha tumia kidole kisichopakwa, na mikono iwe na joto kwanza, baridi hii ya Juni na upepo wetu wa Dodoma vidole vinaganda na kipimo kinasoma chini. 95 kwenda juu ni nzuri. Ikishuka chini ya 94 ukarudia ukapata hivyohivyo, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, midomo ikabadilika rangi, akaanza kuchanganyikiwa, usisubiri kukuche, chukua hata bajaji usiku huohuo mwende hospitali yenye oksijeni. Hizo deksa nenda nazo, uwaambie hujampa hata kidonge kimoja.