Kaeni kijiweni kabla ya kulaumu mtandao

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza aplikesheni hapa Dar, kuna siku tatu nilizipoteza na sitaki nanyi mzipoteze. Tulikuwa na aplikesheni ya kugawa oda kwa bodaboda. Ofisini Kijitonyama oda iliingia papo hapo. Kwenye kijiwe kimoja Kariakoo, madereva walilalamika kwamba oda zinakuja kwa mkupuo, wakati mteja ameshapanda bajaji. Nikakagua seva, yaani kompyuta yetu inayotuma oda, nzima. Nikalaumu mtandao. Siku ya nne nikaenda kukaa nao kijiweni, na hapo nikaona: simu ikitulia mfukoni, kimya, dereva akiwasha kioo tu, oda zote zinamwagika.

Aliyezizuia ni Android yenyewe, mfumo endeshi wa simu zao. Tangu toleo la 6, la mwaka 2015, simu ikizimwa kioo, ikatulia na haichaji, mfumo endeshi unazilaza programu na kuzifungulia intaneti kwa vipindi tu, kutunza betri. Toleo la 7 likaongeza ukali: hata ukitembea nayo mfukoni, kuna vizuizi. Toleo la 8 likabana huduma zinazojiendesha chinichini. Watengenezaji kadhaa wa simu nao wanaweka masharti yao juu ya hayo, kwa hiyo simu mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana kabisa. Mteja akilalamika, muulizeni simu ya aina gani, toleo lipi, na kioo kilikuwa kimewaka au kimezimwa.

Dawa yetu ilikuwa kutuma oda kama arifa ya dharura, ambayo mfumo unairuhusu kuiamsha simu iliyolala. Dereva akiwa zamu, aplikesheni inaweka alama ya kudumu juu ya kioo, ili mfumo ujue inatumika. Oda isipothibitishwa ndani ya dakika moja, inafuata SMS, kwa sababu SMS haingoji programu iamke wala bando. Msiidharau teknolojia ya zamani. Menyu ya nyota na reli ya kutuma pesa inafanya kazi hata kwenye kitochi, kwa kuwa kazi yote inafanyika kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Simu yenyewe inaonyesha maandishi tu.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu, ikijaa, mfumo unaua programu iliyoko nyuma. Mtu anajaza fomu, anapokea simu, akirudi anakuta patupu. Hifadhini kila hatua anayoijaza, na mjaribu kazi yenu kwenye simu ya RAM ya GB 2, hata ya mtumba. Simu zenu nzuri zitawadanganya.

Halafu kuna Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchini. Aplikesheni zinazoingoja seva ndipo zifunguke ziliganda kwenye ukurasa mweupe. Yetu ilifunguka, na madereva wakaona oda walizokwisha kupokea pamoja na namba za wateja, maana tulizihifadhi ndani ya simu. Oda mpya hazikuingia: seva yetu ilikuwa Ulaya. Tulizipokea kwa simu ya kawaida na kuziandika kwenye daftari hadi usiku, na wiki iliyofuata tukaanza kutafuta nafasi ya seva ya pili hapa hapa nchini.