Dada wa Kadi Anajibu: Manila Inapasuka, Mapambo Yanadondoka

Swali: Dada habari, natengeneza kadi za bethdei nyumbani. Nilinunua manila nyekundu ya gramu 300 kwa mita ya mraba nikajua nzito ndo bora, sasa kila nikikunja inapasuka pale kwenye mkunjo na mstari mweupe unatokea. Nimeharibu karatasi nyingi mpaka hamu imeisha. Ninunue nyepesi?

Jibu: Usinunue nyepesi mdogo wangu, gramu 250 mpaka 300 ndo size ya kadi inayosimama yenyewe, hapo hujakosea. Kosa liko kwenye mwelekeo. Karatasi ina nyuzi, na kiwandani nyuzi nyingi zinalala upande mmoja, ukikunja kwa kuzifuata inatii, ukizikata inapasuka. Chukua shiti ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, upande unaolegea mkononi bila ubishi ndo wa kukunjia. Na hapa wengi wanaumia: kama nyuzi za A4 yako zimelala kwa urefu, ukiikunja nzima ipate A5, yaani nusu ya A4, unazikata katikati, lakini ukiikata kwanza vipande viwili halafu kila kipande ukakikunja kuwa kadi ya milimita 105 kwa 148, unazifuata, na hiyo kadi inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kabla hujakunja weka rula, pitisha kalamu ya bolpeni iliyoisha wino mpaka mfereji uonekane, kisha kunja, kile kivimbe kilichotokea upande wa pili kikae ndani ya kadi. Watu wengi wanakunja kinyume, hata mimi nilikunja kinyume muda mrefu tu.

Kuhusu huo weupe, manila yako imepakwa rangi juu, ndani ni nyeupe. Dukani omba kuchana kakona kadogo uone, ile iliyoiva rangi mpaka ndani haikuaibishi.

Swali: Shanga na vifungo vinadondoka kabla kadi haijafika kwa mwenyewe, na karatasi ninayobandika juu ya kadi inajikunja kama imelowa mvua. Nabandika kwa gundi nyeupe ya maji.

Jibu: Imelowa kweli! Maji ya gundi yanavimbisha nyuzi. Karatasi kwa karatasi tumia tepu ya pande mbili, ukitaka ua linyanyuke kidogo kuna ile ya sponji. Hiyo karatasi ya juu yenyewe iwe nyepesi, gramu 120 mpaka 160 inatosha. Vifungo ni gundi nzito, tone dogo, kadi ilale bapa usiku kucha, usiisimamishe kwa haraka zako. Vitu vizito viweke chini, vikikaa juu kadi inaangukia uso. Na kama inatumwa kwa posta achana na vifungo kabisa, riboni bapa inatosha. Glita mimi siipendi, wanaoipenda tuishi nao tu.

Swali: Dada, nataka kutengeneza albamu ya kumbukumbu, nina picha za zamani za bibi na vipande vya magazeti. Nabandika na selotepu, ni sawa?

Jibu: Selotepu hapana jamani, itaacha doa la njano kwenye picha na kuitoa ni kazi. Gazeti nalo lina lignini nyingi, kile kitu cha asili cha kwenye mti, ndo maana linageuka njano, na asidi yake inahamia kwenye picha iliyo jirani, kwa hiyo litoe kopi kwenye karatasi isiyo na asidi, ubandike kopi. Picha za bibi fanya hivyohivyo, skani, chapisha, za asili zitunze pembeni. Kama lazima uweke ya asili tumia vile vikona vya kuchomekea, picha yenyewe isiguse gundi. Kurasa zenye harufu kali za plastiki aina ya PVC zikatae, chukua za plastiki aina ya polipropilini. Usiandike nyuma ya picha kwa bolpeni, mkandamizo unatokea mbele, majina yaandike kwenye ukurasa, na muulize bibi sasa hivi nani ni nani.

Swali: Ninunue mashine ya kukatia maumbo?

Jibu: Bado. Nunua rula ya chuma, kisu cha karatasi na ubao wa kukatia, halafu badilisha wembe mara kwa mara, ukishaanza kuacha manyoya pembeni ya karatasi umeisha huo.