Halijoto Ikisoma Sawa, Usiamini Bado

Wadogo zangu mnaoanza kufunga skrini na traka kwenye magari, hili lilitula siku nzima gerejini, hapa Shimanzi, Mombasa.

Lilikuwa lori la kubeba makontena. Programu ya skrini iliandikwa kwa magari madogo, yanayotumia OBD. Lori lenyewe linatumia J1939. Hizo ni kama lugha mbili ambazo kompyuta za gari hutumia kutoa habari za injini. OBD huuliza ndipo ijibiwe, J1939 hutangaza bila kuulizwa. Hilo tulilijua, tukalirekebisha, tukalinganisha pia kasi ya kutuma data. Tukawasha. Halijoto ya maji ya injini: 90, sawa kabisa na geji ya dereva. Tukapeana mikono. Kisha nikaona mizunguko ya injini: 6 kwa dakika, na injini inanguruma mbele yetu!

Injini ilikuwa ikizunguka mara 800 kwa dakika. Katika J1939 hiyo 800 huzidishwa kwa 8, inakuwa 6,400. Baiti moja hubeba namba 0 hadi 255 tu, kwa hiyo 6,400 hutumwa kwa baiti mbili: 25 (yaani 25 mara 256) na 0 inayobaki. Katika J1939 baiti ndogo hutangulia: 0, halafu 25. Programu ya OBD hudhani iliyotangulia ndiyo kubwa. Ikasoma 25, ikagawanya kwa 4, ikapata 6 na robo. Halijoto ilitoka sawa kwa sababu hapo pande zote mbili hutumia baiti moja na kutoa 40: 130 inakuwa 90. Kufanana huko kwa bahati ndiko kulikotupumbaza.

Basi kabla ya kukata waya, andikeni kila kipimo na mstari wake: kina baiti ngapi, ipi hutangulia, kinagawanywa kwa ngapi, kinatolewa ngapi, kinakuja kila baada ya muda gani. Andikeni pia alama za hitilafu, ambazo wengi huzisahau. Kwa kipimo cha baiti moja kama halijoto, J1939 hutumia 254 kwa kosa na 255 kwa "sina habari". Programu isiyojua hilo itatoa 40 na kuonyesha digrii 214 au 215. Mfikirieni dereva anayeiona namba hiyo akipanda kilima cha Mazeras na mzigo nyuma.

Tafsiri ya vipimo iwekeni katikati ya lori na skrini, kwenye kijiprogramu chake chenyewe. Msiguse kompyuta ya lori, wala msitapanye marekebisho ndani ya skrini, maana lori linalofuata litataka mengine. Na kabla hamjafika kwenye lori, tumeni 254 na 255 kutoka kwenye laptopu, mezani, muone skrini itasema nini.