Mwalimu, Waache Watoto Wajenge Daraja Wenyewe

Mwalimu mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba anataka darasa lake la saba lishindane kujenga madaraja, lakini shule imemwambia fungu hakuna. Amenikuta nikiwa bado natembea kifua mbele, maana juzi tu wanafunzi wangu hapa Kigamboni wamenipa furaha kubwa.

Wasichana wanne walijenga daraja kwa vijiti vya aiskrimu na gundi nyeupe ya mbao. Kwenye mizani ya dukani lilikuwa na gramu 150. Tulililaza juu ya madawati mawili yaliyoachana sentimita 40, tukaning'iniza ndoo katikati kwa kamba, tukaanza kumimina maji kwa chupa ya lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo vifaa vya maabara vya nini? Chupa ya saba darasa likanyamaza kimya. Ya tisa ikaingia. Ya kumi ikiwa nusu, kiungo kimoja cha chini kikaachia, tak! Ndoo ikashuka, na hata wapinzani wao wakapiga makofi.

Lakini kuna linaloniuma mpaka leo. Shule moja niliyowahi kufundisha, tuzo ilikwenda kwa daraja lililopakwa rangi na kuwekewa taa, ambalo kila mtu alijua limetoka kwa fundi seremala aliyelipwa na mzazi. Halikupimwa hata kwa tofali. Mtoto aliyejenga la kwake, vidole vyote vimegandiana gundi, aliondoka mikono mitupu na hakushiriki tena. Nilipolalamika, niliambiwa nisiharibu sherehe.

Ndiyo maana kwangu vijiti havitoki darasani. Kila kikundi kinapata vijiti 100, gundi inaachwa ikauke usiku kucha, na kabla ndoo haijaning'inizwa kila kikundi kinaandika ubaoni daraja lao litavunjikia wapi. Sharti hilo nalithamini kuliko ndoo yenyewe, kwa sababu aliyejengewa hana cha kuandika. Wale wasichana waliandika: "viungo vya chini." Walijua vijiti vya juu vinabanwa na vya chini vinavutwa, na gundi ikivutwa sana huachia. Siri yao nyingine ni pembetatu. Unga vijiti vinne viwe mraba, usukume kona moja, utalala upande. Pembetatu hailali mpaka kijiti kivunjike au kiungo kiachie.

Wazazi, nawaomba kwa moyo wote, msiguse kazi za watoto. Wanetu wanapita kila siku Daraja la Nyerere, mita 680, lililofunguliwa 2016, na wanaziona zile nyaya zinazolishikilia. Mtoto aliyewahi kufunga uzi kwenye daraja la vijiti anaelewa kwamba waya unavuta tu, hausukumi. Sasa tuna na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Nani atayakagua na kuyakarabati haya yote miaka thelathini ijayo, kama leo tunawanyima watoto nafasi ya kuona kitu chao kikivunjika na kukijenga upya?

Mwalimu wa Morogoro, vijiti vikikosekana, viringisha magazeti ya zamani yakaze kama penseli, uyafunge kwa uzi. Ndoo azima jikoni. Na chini yake tanguliza beseni, la sivyo utapiga deki jioni nzima.